Bastola ya Kilimatinde na Karatasi ya Namba

Ndugu msomaji, kisa ninachokuletea Jumapili hii ni cha mwezi Oktoba mwaka 2022. Nimekaa nacho muda wote huu kwa kuwa wenyewe waliniomba nisikitoe gazetini hadi mambo yao yatulie. Sasa yametulia, nao wameniruhusu, ila kwa sharti kwamba nisiwataje kwa majina.

Kijana mmoja, fundi seremala mjini Dodoma, alinijia ofisini akiwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Nilimkaribisha kiti, akasita kwanza, akatazama mlangoni, ndipo akaketi. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa daftari la shule uliowekwa juu ya chuma na kusuguliwa kwa penseli, kama watoto wafanyavyo kwa sarafu, hata maandishi ya kile chuma yakajitokeza katikati ya weusi. Ya pili ilikuwa fotokopi iliyofifia, yenye maneno ya Kiingereza na safu za namba.

Akanieleza kwamba babu yake, mkazi wa Kilimatinde wilayani Manyoni, anayo bastola ya zamani. Imekaa miaka mingi katika paa la tembe, imefungwa ngozi ya mbuzi, na katika ukoo wao imejulikana siku zote kuwa ni mali ya babu yake huyo mzee, aliyekuwa askari wa Mjerumani. Sasa amekuja dalali. Dalali ameitazama, amesoma namba, ametoa karatasi yake mfukoni na kulinganisha, kisha akaruka kwa furaha. Bastola hiyo, alisema, si bastola ya kawaida. Ni miongoni mwa zile chache zilizotengenezwa kwa ajili ya majaribio ya jeshi, na mnunuzi wa Ulaya yu tayari kuilipia shilingi milioni 80. Kinachohitajika kwanza ni cheti cha kuthibitisha uhalisi wake, nacho gharama yake ni shilingi 1,500,000. Mzee amekwisha kuwatenga ng'ombe 3 wa kupeleka mnadani.

"Na dalali ametuonya tusiipeleke polisi," kijana akaongeza. "Anasema Serikali itaichukua bure."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akitazama mlangoni. Mwaka ule Serikali ilikuwa imetangaza msamaha kwa kila mwenye silaha isiyo halali atakayeisalimisha mwenyewe, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 31 Oktoba. Zilikuwa zimesalia siku 12.

Kabla sijazisoma karatasi hizo pamoja nawe, yafaa nieleze kwa nini hadithi ya dalali ilipata masikio mepesi. Kilimatinde si kijiji cha jana. Kimekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ukisimama asubuhi unaona nchi ya Bahi imelala chini yako, na njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipanda hapo. Wajerumani wakajenga boma. Mwaka 1914 vita vilipoanza, Kilimatinde ilikuwa makao ya Kombania ya 4 ya jeshi lao la kikoloni, na mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yakaitwaa siku chache tu baada ya kuitwaa Dodoma. Askari wa Mjerumani walipita hapo kwa mamia, na wengi walikuwa watu wa nchi hii. Kwa hiyo mtu akikuambia Kilimatinde kwamba babu yake alikuwa askari, huna sababu ya kubisha.

Tena mkoa wenyewe wa Singida umezoea habari za mali ya Mjerumani. Dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, ndiyo iliyopelekwa Tabora mwaka 1916 na kufuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha imewaishia. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Ni sarafu za kweli, na wakusanyaji wa vitu vya kale huzilipia fedha nyingi. Na kwa sababu hiyo hiyo za bandia nazo zipo. Mtu aliyelelewa katika habari kama hizo hawezi kulaumiwa akiona chuma cha zamani na kufikiri milioni 80.

Sasa turudi kwenye fotokopi ya dalali. Nilidhani nitakuta upuuzi mtupu. Nikaona haya kugundua kwamba, kwa kiasi, karatasi ile ilikuwa inasema kweli.

Bastola za majaribio zipo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mataifa mengi yalikuwa yanataka kuacha rivolva, yaani bastola yenye gurudumu la risasi, na kuchukua bastola mpya zinazojipakia zenyewe. Hakuna jeshi linalonunua silaha laki moja kwa kuziangalia dirishani. Huagiza chache kwanza, huzigawa kwa vikosi, huzitumbukiza mchangani na majini, huzifyatua hadi zichoke, kisha huamua. Uswisi ilifanya hivyo na ikaichukua bastola ya Georg Luger, ile iitwayo Parabellum, mwaka 1900. Jeshi la wanamaji la Ujerumani likaifuata mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Marekani nayo ilinunua Parabellum 1,000 mwaka 1901 ili izijaribu, haikuridhika, na miaka michache baadaye ikaziuza kwa wafanyabiashara kama mitumba. Mwishowe Wamarekani walichagua bastola ya Colt, ambayo katika jaribio la Machi 1911 ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja.

Zile Parabellum 1,000 za mwaka 1901 ndizo zilizokuwa katika karatasi ya dalali. Leo ni lulu kwa wakusanyaji, lakini zina shida moja kubwa. Juu ya chumba cha risasi zimechorwa tai wa Marekani. Ila kiwanda kilichora tai huyo huyo hata kwenye bastola za kawaida zilizopelekwa kuuzwa madukani Marekani. Basi huwezi kuitambua ya jeshi kwa sura yake. Kinachobaki ni namba. Wachunguzi wamekusanya bastola zilizoonekana, wakalinganisha namba zake, wakakadiria kwamba za jeshi zimo kuanzia 6100 na kitu hadi 7100 na kitu. Ni makisio ya watu makini, lakini ni makisio.

Na namba ya chuma cha kijana wangu ilianza na 6, tena ilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Dalali hakuibuni. Aliisoma tu mahali pasipo pake.

Hapa, ndugu msomaji, naomba univumilie kidogo, maana jambo hili linawapita hata wasomi. Namba ya silaha ni kama namba ya nyumba. Mtu akikuambia anakaa nyumba namba 12 bila kutaja mtaa wala mji, amekuambia nini? Kila kiwanda kilikuwa na mfululizo wake, na mara nyingi kila mkataba ulikuwa na wake. Kiwanda cha Mauser kilipowauzia Waturuki bastola 1,000 mwishoni mwa karne ya 19, kiliwaanzishia namba upya, 1 hadi 1000, na kuzigonga kwa tarakimu za Kiarabu. Wanamaji wa Italia wakapata 5,000 zenye mfululizo wao. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kiwanda hicho hicho kikapata mkataba wa bastola 150,000 za jeshi la Ujerumani, namba zikaanza tena kwenye 1, na mpini ukachongwa tarakimu 9 na kutiwa rangi nyekundu ili askari asikosee risasi. Basi Mauser namba 500 zaweza kuwapo kadhaa, na zote zikawa halali.

Parabellum za jeshi la Ujerumani zina ugumu wa namna nyingine. Zilihesabiwa hadi 10,000, kisha zikaanza upya na herufi ndogo a, halafu b, na kuendelea; na mwaka ulipogeuka hesabu ikaanza tena. Kwa hiyo anayetaka kujua habari ya bastola ya namna hiyo husoma vitu vitatu pamoja: mwaka uliogongwa juu ya chumba cha risasi, namba, na herufi inayoifuata. Kisha hufungua vipande vidogo vidogo, maana kila kipande kiligongwa tarakimu 2 za mwisho za namba ile. Vikipatana vyote, bastola haijachanganywa. Visipopatana, kuna mtu aliyeifungua na kuiunga kwa vipande vya nyingine, ama vitani, ama gerejini.

Na ile chapa ya jeshi la Mjerumani la huku kwetu? Ipo: Sch. D. O. A., kifupi cha jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Lakini nayo isikudanganye kwa pande zote mbili. Maafisa wa Kijerumani walijinunulia bastola zao wenyewe, hivyo afisa angeweza kufa Kilimatinde akiwa na bastola isiyo na chapa yoyote ya jeshi. Na kwa upande wa pili, seti ya chapa za kugongea herufi haigharimu sana, wala kuna mlaghai asiyejua kutumia nyundo. Askari wa kawaida, kwa taarifa yako, hakupewa bastola. Alipewa bunduki, na vita vilipoanza wengi wao walikuwa bado na ile ya mwaka 1871, ambayo kila ikifyatuliwa ilitoa moshi mzito uliomwonyesha adui mahali alipolala.

Ujanja wa kughushi huja hapo penye uchache. Mtu huchukua bastola ya kawaida, huikwangua namba kwa tupa, hugonga nyingine iliyo ndani ya mipaka ya zile za majaribio, kisha huipaka rangi ya chuma upya. Jicho la kawaida halioni. Lakini chapa inapogongwa haiachi alama juu tu. Hukandamiza chuma hadi chini ya alama hiyo. Ukiikwangua, sehemu iliyokandamizwa hubaki, na tindikali ikipakwa hapo hula chuma kwa namna tofauti, namba ya zamani ikarudi kama mzimu. Maabara za polisi duniani huitumia njia hiyo kila siku. Wenye pikipiki wanaelewa ninachosema: ndiyo maana mnunuzi mwerevu hukagua namba ya chasisi kwanza, na kuitazama imekaaje, kabla hajaulizia kadi.

Nikavuta sasa ile karatasi ya penseli. Kijana alikuwa ameisugua vizuri, mkono wa seremala. Juu kulikuwa na taji. Chini ya taji, neno ENFIELD. Chini yake, No 2, kisha MK I na nyota. Na chini kabisa, mwaka: 1943.

Nilimwuliza kama amewahi kuyasoma maneno hayo. Akasema aliyaona, ila dalali aliwaambia kwamba hizo ni alama za siri za kiwanda, chenye maana ni namba.

Hapakuwa na siri. Enfield ni mji wa Uingereza uliokuwa na kiwanda cha silaha cha serikali ya nchi hiyo. Taji ni la mfalme wao. Chuma kile kilikuwa rivolva ya jeshi la Kiingereza, ya aina iliyopitishwa mwaka 1938 kwa kuikata nyundo mkia ili isinase mahali penye nafasi finyu, kama ndani ya kifaru. Zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna aliyeifanyia majaribio Kilimatinde. Na askari wa Mjerumani wa mwaka 1914 angewezaje kushika bastola ya mwaka 1943?

Kijana alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Babu hataniamini mimi," akasema. "Twende ukamwambie wewe."

Tulipanda basi la Singida alfajiri. Baada ya Kintinku gari lilianza kuupanda ukingo, injini ikilalamika, na huko juu tukashuka na kumalizia safari kwa pikipiki. Mzee tulimkuta chini ya mwembe, amekaa kwenye kigoda, redio ndogo pembeni. Ng'ombe 3 walikuwa wamefungwa peke yao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu ameniambia wewe ni mtu wa magazeti. Umekuja kuiandika bastola?"

Nikamwambia nimekuja kuisoma. Sikutaka kuishika. Nilimwonyesha karatasi ya penseli, nikaweka kidole kwenye mwaka. Alikuwa anasoma vizuri bila miwani. Alitazama kwa muda, akazima redio.

"Elfu moja mia tisa arobaini na tatu," akasema polepole. "Babu yangu alikufa kabla ya hapo."

Nikamweleza habari ya taji. Nikamweleza pia sheria, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na moto wenyewe. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na kutu si leseni. Wengine hudhani kitu kikiwa cha zamani kinahamia kwenye mambo ya kale; lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inapotaja masalia inakusudia vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Bastola ya Mjerumani isingefika huko, seuze ya mwaka 1943. Dalali alijua mzee akiipeleka polisi biashara imekwisha. Ndiyo sababu aliwatisha. Mzee akikamatwa nayo mwezi Novemba, dalali asingekuwapo mahakamani.

Mzee hakujibu habari ya sheria. Alikuwa bado kwenye mwaka.

"Baba yangu alikwenda Keya," akasema. "Mimi nilizaliwa amerudi. Alikwenda Burma. Alikuwa dereva wa afisa mmoja Mzungu. Alirudi na blanketi na kikombe cha bati, na usiku alikuwa anapiga kelele. Mama alituambia tusimwulize." Akanyamaza. "Habari za babu ndizo tulizokuwa tukisimuliwa, kwa sababu babu mwenyewe alipenda kuzisimulia. Za baba hatukuwa nazo. Basi tukampa babu kila kitu."

Nilijua habari za Burma kutoka vitabuni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wengi wa Tanganyika, iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua za masika ya huko, katika tope na malaria, hadi ikafika mto Chindwin mwezi Desemba. Nilimweleza niliyoyajua, si mengi. Alitaka kujua kama magari yalipita katika tope hilo. Nikamwambia yalivutwa kwa kamba na kusukumwa. Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la swali la zamani.

Rivolva ya afisa ilifikaje kwenye paa la tembe? Mzee hakujua, na mimi sikumwuliza mara ya pili.

Mjukuu alimpigia simu dalali palepale, mbele yetu, amwambie kwamba cheti hakihitajiki tena. Simu iliita. Mara ya pili haikuita.

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji alifuatana nasi kituoni. Mzee alivaa koti. Chuma kilikuwa bado katika ngozi ya mbuzi, na askari wa zamu alikipokea kwa mikono miwili, akahakikisha gurudumu halina risasi, akafungua daftari. Akaomba asomewe namba. Mjukuu akaisoma: herufi kwanza, kisha tarakimu moja moja. Askari akaiandika, akairudia kwa sauti, akauliza jina la mwenye mali.

Mzee akataja jina la baba yake.

"Huyo ndiye wewe?" askari akauliza.

"Hapana. Mimi nimeileta tu."

Wakajadiliana kidogo kuhusu safu ipi iandikwe jina lipi. Mwishowe yaliandikwa yote mawili, na mzee akaomba asomewe mstari mzima tangu mwanzo. Tulipotoka aliuliza bei ya ng'ombe mnadani wiki hiyo, akasema ni ndogo, na wale 3 wakafunguliwa jioni ile wakachanganyike na wenzao.